Albert Lubaki wa Bukama: fundi wa pembe aliyechora kwa rangi ya maji

Ukishuka kutoka Lemera kuelekea uwanda wa Ruzizi wakati wa maembe, angalia embe moja tu lililo juani. Upande mmoja unang'aa karibu kuwa mweupe, upande mwingine ni kijani cha giza. Kuliweka embe ile kwenye karatasi kwa rangi ya maji si mchezo. Katika kazi hii nyeupe ni karatasi yenyewe: pale penye mwanga fundi anaacha bila kugusa. Kivuli anakijenga polepole, rangi juu ya rangi, kila mara akingoja ikauke. Akikosea, kufuta ni shida sana.

Kati ya Wakongomani wa kwanza ambao Ulaya iliwajua kwa majina kwa kazi ya rangi ya maji ni Albert Lubaki. Alizaliwa karibu mwaka wa 1895, na hakupita shule yoyote ya uchoraji. Alikuwa mchonga pembe za tembo, akiishi Bukama, huko Katanga, sehemu ambayo leo iko katika jimbo la Haut-Lomami.

Bukama si mbali sana na sisi kama mtu anavyofikiri. Zamani msafiri wa Uvira alipanda mashua mpaka Kalemie, akachukua treni mpaka Kabalo, kisha akapandisha mto Lualaba kwa boti mpaka Bukama. Reli ya kutoka Lubumbashi ilifika pale mwaka wa 1918. Kwa hiyo palikuwa mahali pa mizigo, pa wageni, pa biashara. Fundi wa pembe alikuwa na wanunuzi.

Mwaka wa 1926 mtumishi mmoja wa serikali ya wakoloni, Mbelgiji Georges Thiry, aliona picha kwenye kuta za nyumba za udongo. Watu wengi walikuwa wanapita karibu na picha za namna ile bila kusimama. Thiry yeye alisimama, akatafuta ni nani aliyezichora, akamfikia Lubaki. Lakini ukuta wa udongo hauna maisha marefu: mvua ikipiga misimu michache, picha imekwisha. Basi Thiry akampa karatasi na rangi za maji. Bibi yake, Antoinette Lubaki, naye akachukua burashi akaanza kuchora.

Hapa inafaa kusema wazi namna Lubaki alivyochora, sababu wengine wangesema hajui. Hakufuata ile kanuni ya embe, ya upande wa jua na upande wa kivuli. Mnyama wake, ndege wake, mti wake, mtu wake, wote wamesimama katika weupe wa karatasi, mara nyingi bila kivuli na bila kuonyesha nini iko mbali na nini iko karibu. Mkono uliozoea kuchonga pembe unatafuta kwanza umbo la kitu, ukingo wake. Nafasi aliyoacha wazi ndiyo inayoleta mwanga, na inaufanya ujae karatasi nzima. Si upungufu. Ni uamuzi wa mtu aliyezoea ukuta, ambapo jua lenyewe ndilo linalotia kivuli.

Thiry alipeleka karatasi zile Brussels kwa Gaston-Denys Périer, mtumishi wa Wizara ya Makoloni aliyependa sana sanaa ya Kongo. Périer akazitafutia mahali. Mwaka wa 1929 zikaonyeshwa Palais des Beaux-Arts ya Brussels, 1930 zikafika Geneva, 1931 zikatundikwa Paris. Wazungu wa mijini wakazitazama, magazeti yakaandika. Lubaki yeye alibaki Bukama. Karatasi ndizo zilizosafiri.

Na hapo ndipo penye uchungu wa habari hii. Karatasi nzuri na rangi vilitoka mkononi mwa wakubwa wa koloni, na njia ya kufika kwa wanunuzi vilevile ilikuwa yao. Thiry alihamishwa kwenda Kasai, ambako alimpata mchoraji mwingine, fundi cherehani aitwaye Djilatendo. Kadiri miaka ya 1930 ilivyosonga, jina la Lubaki likafifia katika maandishi, mpaka likanyamaza kabisa. Hakuna mwaka wa kifo chake unaoandikwa vitabuni, wala wa bibi yake.

Mwaka wa 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alipofungua karakana yake ya wachoraji Lubumbashi, ambako walitoka kina Pilipili Mulongoy, wengi walidhani uchoraji wa kisasa wa Kongo umezaliwa siku hiyo. Ulikuwa tayari na miaka 20.

Mwaka wa 2015 jumba la Fondation Cartier, Paris, lilifanya onyesho kubwa la sanaa ya Kongo, na likaanza hesabu mwaka wa 1926, ule wa Bukama. Mwaka wa 2022 picha za Antoinette nazo zikaonyeshwa Venice, Italia. Karatasi hizo hazipendi mwanga mwingi, kwa maana jua hula rangi ya maji. Ndiyo maana zinakaa zaidi gizani, ndani ya masanduku, na hutolewa kwa muda tu.