Albert Thomas, mkubwa wa obusi

Sisi wa Katanga tunasikia jina la BIT, ile ofisi ya kazi ya dunia iliyo Genève, kila mara sindika na wakubwa wa kampuni wanapobishana juu ya masaa na mishahara. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Mfaransa, Albert Thomas. Lakini mbele ya Genève kazi yake ilikuwa kutafutia jeshi obusi, maana yake risasi kubwa za mizinga.

Alizaliwa mwaka 1878 Champigny-sur-Marne, karibu na Paris, mtoto wa mwoka mikate. Alisoma sana, akaandika mu gazeti la Jaurès, L'Humanité, na mwaka 1910 akachaguliwa mbunge wa Wasoshalisti.

Vita vilipoanza Agosti 1914, wakubwa wa jeshi walifikiri vitakwisha upesi. Viwanda vilikuwa vinatoa obusi za mzinga wa 75 elfu kumi na kitu tu kwa siku. Septemba jeshi likaomba 100,000. Tena Wajerumani wakakamata kaskazini na mashariki, kule kwenye makaa na chuma. Basi komande zikagawanywa haraka haraka, hata kwa wenye viwanda ambao hawakuwahi kutengeneza silaha, na mafundi wao walikuwa wamepelekwa vitani. Mwanzo wa 1915 obusi mbovu zikawa zinapasukia ndani ya mzinga. Mizinga mamia iliharibika hivyo, na askari wa Ufaransa wakauawa na silaha yao wenyewe.

Mei 1915 njo Thomas alipewa kazi ile. Aliona kwamba feza haitengenezi obusi kama mikono ya kuijua kazi haiko. Sheria ya Agosti ikaruhusu mafundi kurudishwa toka vitani, na kufika mwisho wa mwaka walikuwa karibu nusu milioni. Jamaa ambazo watoto wao walibaki mu mashimo ya vita zilinung'unika sana. Na wale waliorudi hawakuwa huru: walibaki askari, hawakuweza kuhama patroni, na mwenye kuleta fujo aliweza kurudishwa vitani. Wanawake wengi sana wakaingia kazini, pamoja na watu toka Algeria, Indochine na China. Obusi ilivaa pete ya shaba, na wakati ule Katanga ilikuwa inayeyusha shaba kwa ajili ya hao waliopigana na Ujerumani: mwaka 1917 ilipita tani 27,000. Wazee wetu walikuwa mu vita ile bila kushika bunduki.

Desemba 1916 akawa waziri kamili wa silaha. Mwezi uliofuata wafanyakazi wa Paris wakagoma, juu mishahara ilikuwa nyuma ya bei ya vitu. Thomas aliweka kipimo cha mishahara, akalazimisha mapatroni kukubali waamuzi, akahimiza wafanyakazi wachague wajumbe wao mu viwanda. Lakini pia alikataza mgomo. Wenzake wa zamani wakamwita rafiki wa mapatroni, na kweli mapatroni walitajirika kwa obusi zile. Sisi tunaona alibanwa pande mbili, hata hivyo kukataza mgomo hatuwezi kumsifu. Roanne nako alianza kujenga kiwanda kikubwa mno cha serikali. Kilimeza feza nyingi, wabunge wakalalamika, na kilipoanza kutoa obusi vita vilikuwa karibu kwisha.

Aliacha uwaziri Septemba 1917, Wasoshalisti walipokataa kuingia mu serikali mupya.

Mwaka 1919 jimbo la Tarn, lile la Jaurès na la wachimba makaa wa Carmaux, lilimchagua mbunge. Mwaka uleule akawekwa ku BIT. Mkataba wa kwanza kabisa ulikuwa wa masaa 8 kwa siku. Alisafiri nchi nyingi, akiongea na mawaziri na sindika vilevile. Mwaka 1930 ukapitishwa mkataba wa kuzuia kazi ya kulazimishwa, uliogusa sana sana makoloni.

Thomas alikufa ghafla Paris, Mei 1932, akiwa na miaka 53. Ubelgiji, iliyotutawala, iliukubali rasmi mkataba ule mwaka 1944.