Maisha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, Aliyefundisha Pugu

Katika Jubilei hii twawakumbuka walimu waliotutangulia katika mji wa Dar es Salaam na vitongoji vyake. Miongoni mwao yumo mmoja ambaye jina lake lajulikana na kila mtu, walakini miaka yake ya kufundisha katika vilima vya Pugu imesahauliwa na wengi. Kwa hiyo tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu habari zake, hasa walimu wenzetu.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama, katika nchi ya Wazanaki, tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake alikuwa mtemi, Nyerere Burito, na mama yake Mugaya Nyang'ombe. Siku ya kuzaliwa kwake mvua ilinyesha, akapewa jina la Kambarage, ndilo jina la pepo wa mvua katika kabila lake. Akachunga mifugo kama watoto wenziwe hata mwaka wa 1934, alipopelekwa shule ya bweni ya Mwisenge, Musoma, umri wake miaka 12. Mwaka wa 1937 akaingia shule ya Serikali ya Tabora. Alikuwa amekwisha kuvutwa na mafundisho ya dini, lakini alingoja. Tarehe 23 Desemba 1943, baba yake akiwa amekwisha kufariki, akabatizwa kwa jina la Julius.

Baada ya kusomea ualimu Makerere, Uganda, alirudi Tabora. Shule ya Serikali ilimtaka, na masharti yake yalikuwa mema zaidi. Naye akachagua shule ya Mtakatifu Maria ya Mapadre Weupe, akafundisha huko toka 1946 hata 1949. Ndipo, kwa msaada wa Padre Richard Walsh, mkuu wa shule hiyo, alipopata nafasi ya kwenda Edinburgh, Uskochi, akarudi mwaka wa 1952 na shahada ya M.A.

Sasa twafika Pugu. Mahali hapo ni yapata kilometa 20 kutoka mjini. Ndipo wamisionari Wabenedikto walipoanza kazi yao mwaka wa 1888, na mwezi wa Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misheni ikashambuliwa, wengine wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Katika nchi hiyo iliyokwisha kunyweshwa damu ikasimama baadaye shule ya bweni ya wavulana, Chuo cha Mtakatifu Fransisko. Huko Mwalimu Nyerere alifundisha historia. Mwezi wa Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel, naye pia mwalimu, wakaanzisha nyumba yao.

Mtu aliyefundisha shule ya bweni ajua ya kuwa kazi yake haiishi kengele ya mwisho ikilia. Yapo madaftari ya kusahihisha, yupo mgonjwa wa kutazamwa, wapo wanafunzi wanaohitaji shauri. Mwalimu Nyerere aliyabeba hayo, na juu yake akaongeza mzigo mwingine. Tarehe 17 Aprili 1953 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha Waafrika, TAA. Na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Basi siku za mapumziko akawa anashuka toka Pugu hata Kariakoo, mara nyingi kwa miguu, kuonana na wenzake, miongoni mwao Abdulwahid Sykes na Dossa Aziz. Kisha hurudi vilimani kufundisha.

Mwezi wa Machi 1955 alikwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi, jambo likawa zito. Serikali ya wakati ule haikupenda siasa zake, na shule za misheni zilipokea msaada wake wa fedha. Mkuu wa shule, padre, akamwambia imempasa achague, ama ualimu ama siasa. Tusimhukumu padre yule, kwa maana alikuwa na shule nzima ya kulinda. Tusifikiri pia ya kuwa jibu lilikuwa jepesi. Mwalimu alikuwa na mke na nyumba changa, na chama hakikuwa na mali. Akachagua. Mwezi huo huo akajiuzulu, akaacha mshahara wake, akarudi kwao. Huko akawafundisha mapadre wa Maryknoll lugha ya Kizanaki, hata alipoitwa tena Dar es Salaam, akakaa Magomeni. Uhuru ukapatikana tarehe 9 Desemba 1961, naye akaongoza nchi hata mwaka wa 1985.

Yako mambo yaliyoleta uchungu, nasi hatutayaficha. Kwa sheria ya elimu ya mwaka 1969 shule nyingi za misheni zilitiwa mikononi mwa Serikali, na Pugu mojawapo. Mtu aliyetoka katika shule zetu ndiye aliyezichukua. Wakristo waliobeba mawe na kuchoma matofali waliona kama wamenyang'anywa. Lakini tukumbuke hali ya siku zile: shule zilikuwa zimegawanyika kwa dini, na watoto wa Kiislamu waliopata nafasi walikuwa wachache sana. Yeye alitaka mtoto asiulizwe dini yake mlangoni pa darasa. Seminari zilibaki kwa Kanisa, na vipindi vya dini havikufutwa. Basi kazi ya kuingia shuleni na kuwafundisha watoto wetu ikawa juu yetu makatekista kuliko zamani.

Katika uzee wake alisali katika parokia ya Mtakatifu Petro, Oysterbay, akiwa mwaminifu kwa Misa. Alizitia Injili nne na Matendo ya Mitume katika tenzi za Kiswahili, ili ziweze kuimbwa. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Mwaka wa 2005 Jimbo la Musoma lilianza uchunguzi wa maisha yake, naye huitwa Mtumishi wa Mungu.

Alikuwa mtoto wa mtemi, kisha rais, lakini jina alilobaki nalo ni lile la kazi aliyoiacha Pugu: Mwalimu. Ninyi mnaoshika chaki leo huko Temeke, Kinondoni na Ukonga, mshahara ukiwa mdogo na darasa limejaa, jina hilo ni lenu pia. Tumwombee raha ya milele, tukawaombee na walimu wetu.