Tom Mboya: Aliyefyatua Alijulikana, Aliyemtuma Je?

Sisi tuliokulia kwenye riwaya za kijasusi, za Willy Gamba wa Elvis Musiba na nyinginezo, tulizoea muuaji wa kulipwa wa aina moja. Ni mtu asiye na jina la kweli. Huingia mjini kwa pasipoti ya uwongo, hupiga risasi yake, na kabla maiti haijapoa yuko uwanja wa ndege. Kitabu kizima huwa ni kumsaka yeye. Kenya yetu iliiandika hadithi hiyo kinyume. Mwaka 1969 mpiga risasi alipatikana kwa siku chache, akahukumiwa kabla ya miezi mitatu kupita, akanyongwa kabla ya mwaka kwisha. Aliyetoweka ni aliyemtuma, na mimi ni katika wale wanaoamini kwamba alitumwa.

Aliyeuawa ni Thomas Joseph Odhiambo Mboya. Nataka nimweleze leo kwa kuwa vijana wetu wa Mombasa hupita kila siku Tudor kwenye barabara yenye jina lake, na ukiwauliza ni nani, wengi hawana zaidi ya kukwambia kwamba alikuwa Mjaluo mwanasiasa aliyepigwa risasi Nairobi.

Kwanza, hakuzaliwa Nyanza. Ndugu zetu wa Hola na Garsen wanaorudi nyumbani kutoka Nairobi kwa njia ya Garissa wanapajua mahali penyewe. Ukishaiacha Thika nyuma, upande wa kulia kuna mlima uliosimama peke yake kama mtu aliyesuswa na wenziwe. Ndio Kilimambogo, au Donyo Sabuk. Chini yake palikuwa na mashamba ya makonge ya tajiri McMillan, yule ambaye maktaba ya Nairobi ina jina lake. Leonard Ndiege, mtu wa kisiwa cha Rusinga, alikuwa msimamizi wa vibarua hapo, na mnamo tarehe 15 Agosti 1930 mkewe Marcella akamzaa Tom.

Kambi ya makonge haikuwa na kabila moja. Kulikuwa na Wakamba, Wakikuyu, Wajaluo na wengineo, na lugha iliyowaunganisha ni hii yetu. Kijana akakua akisema Kikamba na Kiswahili, na Kikuyu baadaye, pamoja na Kijaluo cha wazazi wake. Wengi wa viongozi wa enzi yake walitoka kwenye kijiji cha mababu wakaingia mjini wakiwa na kabila lao nyuma. Mboya alitoka kambini. Naona jambo hilo laeleza mengi, nguvu yake na upweke wake pia.

Alisoma kwa mapadri Kabaa, Ukambani, kisha Yala, kisha chuo cha Holy Ghost huko Mang'u, si mbali na Thika. Karo ikakatika, na wadogo zake nao walitaka kusoma, basi akaenda kwenye mafunzo ya afya kule Jeanes School, Kabete, ambayo yalikuwa na posho. Akatoka bwana afya, akaajiriwa na baraza la mji wa Nairobi. Ni yeye aliyesimulia kisa cha bibi wa kizungu aliyeingia maabara na chupa ya maziwa ya kupimwa, akamtazama Mboya usoni, kisha akauliza kama hakuna mtu humo ndani. Bwana afya mwafrika alilipwa pungufu sana kuliko mzungu wa kazi ile ile. Hapo ndipo vyama vya wafanyakazi vilipompata.

Aprili 1954 serikali ya kikoloni iliizingira Nairobi katika operesheni ya Anvil, ikazoa maelfu ya Wakikuyu, wakiwemo viongozi wengi wa wafanyakazi. Mboya, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameshika ukatibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo, akajikuta karibu peke yake uwanjani. Vyama vya siasa vya Waafrika vilikuwa vimefungiwa, kwa hiyo chama cha wafanyakazi ndicho kilichobaki kuwa mdomo wa watu.

Na ni Mombasa iliyompa jina. Machi 1955 makuli wa Kilindini waligoma. Bandari ilikuwa na kumbukumbu mbaya: mgomo mkubwa wa Januari 1947 ulimwinua Chege Kibachia, na serikali ikamkamata na kumpeleka kizuizini Kabarnet. Safari hii Mboya aliteremka kutoka Nairobi, hajatimiza hata miaka 25, akaketi na makuli, akaketi na waajiri. Akawashawishi watu warudi kazini huku madai yao yakipelekwa mbele ya msuluhishi. Kurudi kazini bila kitu mkononi si jambo dogo kwa mtu mwenye njaa, lakini walimwamini. Uamuzi ulipotoka, mshahara ulipanda kwa karibu thuluthi moja. Wazee wetu waliobeba magunia walikula matunda ya mazungumzo yale, na sioni vibaya kusema hivyo waziwazi, hata kama mengine aliyoyafanya baadaye yatuuma.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka mmoja Chuo cha Ruskin, Oxford. Machi 1957 akaingia baraza la kutunga sheria kwa kiti cha Nairobi. Desemba 1958, akiwa na miaka 28, aliongoza kikao cha mkutano wa watu wa Afrika yote kule Accra. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi, 81 kwa hesabu, iliondoka kwenda Marekani kwa jitihada zake. Mwaka uliofuata alimwendea Seneta John Kennedy nyumbani kwake, na wakfu wa familia ile ukatoa dola 100,000. Wangari Maathai ni mmoja wa waliosafiri 1960.

Lakini fedha za watu zina masharti yake. Vyama vya wafanyakazi vya Marekani vilichangia dola 35,000 za kujenga makao ya shirikisho, Solidarity House, Nairobi. Baadaye ikajulikana duniani kwamba shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilikuwa likipitisha fedha zake kichinichini katika vyama vya wafanyakazi na vya wanafunzi. Mahasimu wake hawakumwacha tena. Kwao alikuwa kibaraka wa Washington, kama vile Jaramogi Oginga Odinga alivyoitwa kibaraka wa Moscow na Beijing. Mimi naona kila mmoja alimtumia mwenziwe. Mboya alitaka ndege za wanafunzi na nyumba ya chama, akavipata. Wamarekani walitaka rafiki Nairobi, wakampata.

Sasa nije kwenye linalotuuma. Mboya alikuwa katibu mkuu wa KANU tangu 1960, na KANU haikutaka kusikia habari ya Mwambao kujitenga wala ya majimbo ya Ronald Ngala na KADU. Oktoba 1963 Kenyatta na Mohamed Shamte wa Zanzibar walikubaliana kuhusu ukanda wa maili 10, pakabaki ahadi ya mahakama za kadhi. Kuhusu majimbo, Mboya akiwa waziri wa sheria na katiba ndiye aliyesukuma marekebisho ya 1964 yaliyoyazika. Ngala akaivunja KADU Novemba mwaka huo huo. Mwaka 1966 akatumia akili hiyo hiyo kumwondoa Odinga kwenye umakamu wa chama katika mkutano wa Limuru, na sheria ikapitishwa upesi ya kuwalazimisha wabunge waliohama chama warudi kwa wapiga kura. Alikuwa fundi. Alinoa visu vya dola kwa ustadi ambao hakuna mwenziwe aliyekuwa nao, na ungedhani hakuwahi kujiuliza mpini utashikwa na nani kesho.

Alianza kujua 1968. Mei mwaka ule Mzee Kenyatta aliugua ghafla akiwa huku Mombasa, na swali la nani atamrithi likaanza kuzungumzwa kwa sauti ya chini. Mara bunge likaletewa marekebisho ya urithi wa urais. Rasimu ya kwanza ilitaka rais awe na miaka 40 au zaidi. Mboya alikuwa na 37. Wabunge walikataa, umri ukashushwa hadi 35, lakini kila mtu alikuwa ameshaona mshale ulilenga wapi.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969. Alikuwa amerejea kutoka mkutano Addis Ababa. Alipita ofisini asubuhi, kisha akaendesha gari mwenyewe, bila mlinzi, hadi duka la dawa la Chhani kwenye Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Barack Obama, babake yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alikutana naye nje dakika chache kabla, wakataniana. Mboya akaingia, akanunua mafuta ya ngozi, akatoka. Ilikuwa karibu saa saba mchana. Kijana mwembamba mwenye suti alikuwa amesimama pale. Zikasikika risasi mbili. Alifariki kabla ya kufika Nairobi Hospital, akiwa na miaka 38, ameacha mjane, Pamela, na watoto wadogo.

Kwa namna kazi ile ilivyofanyika, yaani mchana, karibu kabisa, kisha kuyeyuka katika umati wa Jumamosi, watu walidhani ni mtaalamu wa ng'ambo. Siku chache baadaye polisi wakamkamata Nahashon Isaac Njenga Njoroge, kijana aliyekuwa akitumikia KANU Nairobi, mtu ambaye Mboya alikuwa akimfahamu. Bastola ikapatikana. Na kama riwaya ilivyotaka, aliwahi kwenda kusoma Bulgaria, nchi ya kikomunisti. Basi tayari: rafiki wa Wamarekani ameuawa na mwanafunzi wa Wabulgaria.

Hadithi hiyo ya Sofia hainiingii akilini. Ugomvi mkali zaidi wa Mboya mwaka 1969 haukuwa na Moscow, wala hata na Odinga. Ulikuwa ndani ya chama chake, juu ya kiti kimoja. Imepokewa kwamba Njenga alipokamatwa aliwauliza polisi mbona wanamshika yeye, wasimfuate yule mkubwa. Mahakama haikumtafuta mkubwa huyo. Kesi ilikuwa ni ya aliyefyatua tu. Septemba akahukumiwa kifo, rufaa ikaanguka, na Novemba akanyongwa Kamiti, jela iliyo nyuma ya Kahawa ukielekea Ruiru, ambako Dedan Kimathi naye alinyongwa 1957. Wananchi waliarifiwa baada ya kazi kwisha. Hapakuundwa tume ya uchunguzi. Kamba ilimziba mdomo mtu pekee aliyejua nani alimpa silaha, kama kweli alipewa.

Pinto alikuwa ametangulia Februari 1965, Pio Gama Pinto ambaye wazee wa Lamu wanamkumbuka tangu alipofungwa kisiwa cha Manda. Pale pia alifungwa kijana, Kisilu Mutua, akatoka 2001 akisema si yeye. Na sisi wa Mombasa hatuhitaji kwenda mbali: kati ya 2012 na 2014 masheikh walipigwa risasi barabarani mchana na usiku, na hadi leo hatujaambiwa aliyetuma ni nani. Anayesema haya ni mambo ya Wajaluo na Wakikuyu hajawahi kusimama kwenye matanga ya mtu wa namna hiyo.

Nchi iliwaka. Kwenye misa ya Mboya, Nairobi, umati ulirushia mawe msafara wa Rais, polisi wakajibu kwa gesi. Kisha, usiku baada ya usiku, malori na mabasi yakaanza kupanda kutoka Thika, Ruiru na kwingineko yakiwa yamejaa watu, yakielekea nyumbani kwa Rais Gatundu. Huko watu walilishwa kiapo kwamba utawala hautatoka kwa Wakikuyu. Makanisa yakalalamika, maana wengine walipelekwa kwa nguvu. Fikiria jambo hilo. Vijana wa mashamba yale yale ya Thika ambamo Mboya alizaliwa, na jijini Wakikuyu wa Nairobi ambao 1961 walimpa yeye, mtoto wa Mjaluo, kura zaidi ya 30,000 dhidi ya Mkikuyu mwenzao aliyepata chini ya 3,000, sasa waliapishwa wasimchague mtu kama yeye tena.

Oktoba 25 Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali, wakatupiana maneno na Odinga jukwaani, walinzi wakafyatua risasi, watu wakafa, watoto wakiwemo. Siku tano baadaye chama cha Odinga, KPU, kikapigwa marufuku naye akawa kizuizini. Uchaguzi wa Desemba ulifanyika kwa chama kimoja. Ngala wetu alirudi bungeni katika uchaguzi ule, akabaki waziri hadi Desemba 1972, gari lake lilipopinduka Konza. Dereva alieleza kwamba nyuki waliingia garini.