Leonid Kantorovich na Thamani ya Kiungo Adimu

Aghalabu mwanafunzi wa Kisii au Nyamira aliyesoma mtaala wa 8-4-4 huukumbuka upangaji mstari kama michoro ya kutiwa vivuli katika Kidato cha 4. Ni nadra aelezwe habari za mja aliyeiasisi taaluma hiyo.

Leonid Kantorovich alizaliwa mwaka 1912 mjini St Petersburg, Urusi. Alijiunga na chuo kikuu akiwa na umri wa miaka 14. Alipofikisha 22 alikuwa profesa. Mwaka 1938 wataalamu wa plaiwudi walimwendea na swali: mashine zao zigawiwe vipi aina mbalimbali za mbao ili zizalishe kwa wingi zaidi? Jibu alilichapisha mwaka 1939 katika kijitabu.

Hebu tulilete swali hilo Keroka, penye mpaka wa kaunti zetu mbili. Tuseme mwokaji ana unga kilo 12 na sukari kilo 6. Fungu la mandazi hula unga kilo 3 na sukari kilo 1, nalo huleta faida ya shilingi 300. Fungu la keki hula kilo 1 ya kila kimoja, faida shilingi 200. Akipika mandazi pekee atapata mafungu 4, yaani shilingi 1,200. Keki pekee, mafungu 6, ni 1,200 vilevile. Akipika matatu ya kila aina, viungo vyote vinakwisha naye anapata 1,500!

Kantorovich hakukomea hapo. Alionyesha kwamba hesabu yenyewe hukipa kila kiungo thamani. Kilo moja zaidi ya sukari, ikinunuliwa kwa bei ya kawaida, ingemwongezea mwokaji wetu faida ya shilingi 150; ya unga, 50 tu. Fikra hii ndiyo iliyomtia mashakani. Katika Muungano wa Kisovieti thamani ilifundishwa kuwa zao la jasho la mfanyakazi, na kuihusisha na uadimu kulikuwa kujipalia makaa. Kitabu alichokikamilisha mwaka 1942 kilichapishwa mwaka 1959. Kufikia hapo Mmarekani George Dantzig, asiyejua habari zake, alikuwa ameivumbua upya taaluma hiyo mwaka 1947. Kwa maoni yangu, waliopunjika zaidi ni wale waliohitaji hesabu hiyo viwandani miaka yote hiyo.

Mwaka 1975 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans. Alifariki mwaka 1986.