Dewey: Mwasisi wa chama cha wakutubi aliyewekwa kando na chama chake

KATIKA maktaba nyingi za umma nchini Kenya, vitabu kuhusu lugha ya Kiswahili hupatikana chini ya nambari 496.392, na vile vya fasihi yake chini ya 896.392. Anayetafuta historia ya Kenya huelekezwa kwenye rafu ya 967.62. Nambari hizo ni matunda ya mfumo uliobuniwa mwaka 1873 na kijana wa Kimarekani aliyekuwa na umri wa miaka 21 pekee, Melvil Dewey.

Hata hivyo, mfumo huo wa desimali ni nusu tu ya kazi aliyoifanya. Nusu ya pili, ambayo wasomaji wengi hawaifahamu, ni kuwashawishi wakutubi waliokuwa wakifanya kazi kila mmoja kivyake kwamba kazi yao ni taaluma, na kwamba taaluma haisimami bila chama. Chama hicho ndicho kilichompa jina. Na ndicho kilichokuja kumweka kando.

Dewey alizaliwa Desemba 10, 1851 katika kijiji cha Adams Center, jimbo la New York, akiwa kitinda mimba wa familia ya watoto watano. Babake alikuwa mshona viatu na mwenye duka. Nyumba yao ilikuwa ya watu wa dini waliochukia anasa na ubadhirifu, na kijana huyo alikua akiamini kwamba kupoteza muda ni dhambi sawa na kupoteza fedha.

Imani hiyo ilizidi mwaka 1868 shule aliyosomea ilipoteketea. Alijitosa ndani kuokoa vitabu, akavuta moshi mwingi na kupata kikohozi kikali kiasi kwamba daktari alidhani hangeishi muda mrefu zaidi. Alipona, lakini tangu siku hizo aliishi kama mtu anayekimbizwa na saa. Alipunguza hata herufi za jina lake, kutoka Melville hadi Melvil, kwa kuwa alizihesabu zile zilizozidi kuwa mzigo usio na faida.

Rafu za Amherst

Mwaka 1870 alijiunga na Chuo cha Amherst, Massachusetts, na miaka miwili baadaye akapata kibarua katika maktaba ya chuo. Huko alikumbana na tatizo lililozikabili maktaba zote za wakati huo. Kitabu kilipewa nambari ya mahali kilipokaa: chumba, kabati na rafu. Vitabu vilipoongezeka na kuhamishwa, nambari zote zililazimika kuandikwa upya. Isitoshe, kila maktaba ilikuwa na mpangilio wake, hivyo ujuzi wa mkutubi mmoja haukumsaidia mwenzake wa mji jirani.

Dewey aliamua kwamba nambari iwe ya maudhui ya kitabu, si ya kabati. Aligawa elimu yote katika mafungu 10, kila fungu likagawanywa mara 10 zaidi, na kila sehemu mara 10 tena. Kitabu kingeweza kuhamishwa popote bila kubadilishiwa nambari. Mwaka 1876 mpango huo ulichapishwa katika kijitabu cha kurasa 44 kisichokuwa na jina la mwandishi.

Kijitabu hicho kingeweza kusahaulika. Mfumo wa pamoja hauna maana ukitumiwa na mtu mmoja, na Dewey alilielewa jambo hilo. Mwaka huo huo alihamia Boston na kuungana na wachapishaji Frederick Leypoldt na Richard Bowker, wakaanzisha jarida la wakutubi na kuitisha kongamano la taifa.

Philadelphia, 1876

Halikuwa kongamano la kwanza. Mwaka 1853 wakutubi na wapenda vitabu 82, wote wanaume, walikutana jijini New York, wakakubaliana kuunda chombo cha kudumu, kisha wakatawanyika wasikutane tena. Hawakuacha katibu wala jarida la kuwaunganisha. Makubaliano yao yalikufa kwa kukosa wa kuyafuatilia.

Dewey hakutaka historia ijirudie. Baadhi ya wakongwe wa kazi hiyo, akiwemo William Poole wa Chicago, walimtilia shaka kijana huyo asiyejulikana, lakini hatimaye walihudhuria. Mapema Oktoba 1876 watu 103, wanaume 90 na wanawake 13, walikusanyika Philadelphia wakati wa maonyesho makubwa ya kuadhimisha miaka 100 ya uhuru wa Marekani. Mnamo Oktoba 6 walizindua Chama cha Maktaba cha Marekani. Justin Winsor wa Maktaba ya Umma ya Boston alichaguliwa rais, naye Dewey akawa katibu, wadhifa alioushikilia hadi mwaka 1890. Baadaye alikuwa rais mara mbili.

Mwanachama alipata nini? Kwanza, alipata wenzake. Mkutubi wa mji mdogo aliyekuwa hana wa kumuuliza swali sasa alikuwa na jarida la kusoma na mkutano wa kuhudhuria. Pili, alipata vipimo vya pamoja. Kamati za chama zilijadili ukubwa wa kadi za katalogi na kanuni za kuandika majina ya waandishi, na mara kadi zilipolingana, kazi iliyofanywa na maktaba moja iliweza kutumiwa na nyingine. Kuanzia mwaka 1901 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuza kadi zilizokwisha kuchapishwa, na maelfu ya wakutubi wakaepushwa na kazi ya kuandika upya jambo lile lile. Tatu, alipata heshima. Aliyekuwa akionekana kama mtunza funguo alianza kutambuliwa kama mtaalamu.

Mwaka 1877 ujumbe wa Wamarekani, Dewey akiwa miongoni mwao, ulivuka bahari hadi London, ambako Waingereza nao waliunda chama chao. Uzi huo ulifika hadi Afrika Mashariki, kwa kuwa ni kwa mitihani ya chama hicho cha Uingereza ambapo wengi wa wakutubi wa kwanza wa eneo hili walihitimu, kabla ya Makerere kufungua shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki mwaka 1963.

Milango kwa wanawake

Miongoni mwa wanawake 13 wa Philadelphia alikuwemo Annie Godfrey, mkutubi wa Chuo cha Wellesley. Yeye na Dewey walioana mwaka 1878 na kujaliwa mtoto mmoja wa kiume.

Mwaka 1883 Dewey aliajiriwa kuongoza maktaba ya Chuo cha Columbia, New York, na Januari 1887 akafungua huko shule ya kwanza ya ukutubi nchini Marekani. Kati ya wanafunzi 20 wa kwanza, 17 walikuwa wanawake, katika chuo ambacho wakuu wake hawakutaka wanawake madarasani. Waliponyimwa chumba, Dewey alisafisha ghala na kufundishia humo. Mvutano huo ulichangia kuondoka kwake. Alihamia Albany kuongoza maktaba ya jimbo la New York, na mwaka 1889 akaihamishia shule yake huko. Mwaka 1890 alisaidia kuunda chama cha wakutubi wa jimbo hilo, cha kwanza cha aina yake nchini humo.

Si kwamba alikuwa mtetezi wa usawa kwa kila hali. Alifahamu kwamba wanawake wenye elimu wangekubali mishahara midogo kuliko wanaume, na maktaba zilihitaji wafanyakazi wa bei nafuu. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa, na walioingia hawakutoka. Mwaka 1911 Theresa Elmendorf alikuwa mwanamke wa kwanza kushika urais wa chama cha taifa.

Kuanguka

Dewey alikuwa mtu mgumu kufanya kazi naye. Alianzisha kampuni ya kuuza vifaa vya maktaba, na washirika wake wa kibiashara waligombana naye kwa kuchanganya fedha zao na za mashirika mengine aliyoyaendesha. Aliamini kwamba nia njema ilimwondolea wajibu wa kueleza hesabu.

Kasoro kubwa zaidi zilijitokeza baadaye. Mwaka 1895 yeye na Annie walianzisha klabu ya mapumziko ya Lake Placid, kaskazini mwa New York. Kanuni za klabu hiyo ziliwazuia Wayahudi, na Weusi nao hawakukubaliwa kuwa wanachama. Mapema mwaka 1905 viongozi wa Kiyahudi, wakiongozwa na wakili Louis Marshall, walilalamika kwa bodi iliyosimamia elimu ya jimbo. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: mtumishi wa umma anayelipwa kwa kodi ya wananchi wote hawezi kuendesha biashara inayowafungia mlango baadhi yao. Bodi ilimkemea rasmi, na kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa amejiuzulu ukutubi wa jimbo.

Mwaka huo huo chama cha wakutubi kilifanya mkutano wake Portland, Oregon, na baadaye kundi la wanachama likasafiri kwa meli hadi Alaska. Wanawake kadhaa waliokuwa safarini walilalamika kwamba Dewey aliwashika na kuwasogelea kwa namna wasiyoridhia. Halikuwa jambo geni, kwani minong'ono kuhusu tabia hiyo ilikuwa imesikika kwa miaka mingi. Kilichokuwa kipya ni kwamba walalamishi hawakuwa tena watu binafsi waliotegemea hisani ya bosi. Walikuwa wanachama, wenye wenzao na wenye sauti. Kufikia mwaka 1906 wanachama mashuhuri, wakiwemo wanawake, walitishia kumwanika hadharani, na mwasisi huyo akajiondoa katika shughuli za chama alichokiunda miaka 30 awali.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Msemo huo, ambao ungefaa kueleza sababu ya Dewey kuwakusanya wakutubi Philadelphia, ndio unaoeleza pia jinsi walivyomshinda.

Hakuna hukumu iliyoandikwa wakati huo, na ukimya huo ulikuwa na gharama. Dewey aliendelea kuishi Lake Placid bila kubadilisha tabia. Annie alifariki mwaka 1922, naye Dewey akamwoa Emily Beal mwaka 1924. Mwaka 1930 alimlipa aliyekuwa karani wake wa kike dola 2,147 ili kumaliza kesi ya kumdhalilisha. Alifariki Desemba 26, 1931 huko Florida, siku chache baada ya kutimiza umri wa miaka 80.

Chama na mwasisi wake

Kwa miongo kadhaa chama kilimkumbuka kwa mema pekee, na nishani iliyopewa jina lake ilitolewa kuanzia miaka ya 1950. Kisha, Juni 2019, baraza la chama lilipiga kura kuliondoa jina hilo kwenye nishani, likitaja ubaguzi wake na mienendo yake kwa wanawake. Uamuzi huo ulichukua zaidi ya miaka 110 kufikiwa.

Mfumo wake pia umekosolewa na kusahihishwa na kizazi baada ya kizazi cha wakutubi. Lugha kuu za Ulaya zilipewa kila moja fungu lake, ilhali lugha nyingi za Afrika zilibanwa pamoja katika 496. Katika fungu la dini, sehemu kubwa ilitengewa Ukristo, nao Uislamu ukapewa 297. Mapungufu hayo yamepunguzwa katika matoleo yaliyofuata, na toleo la 23 lilichapishwa mwaka 2011. Kazi ya kijana wa miaka 21 iliendelea kuishi kwa sababu haikubaki mali ya mtu mmoja.

Nchini Kenya, chama cha wakutubi kiliundwa katika miaka ya 1970 baada ya chama cha pamoja cha Afrika Mashariki kuvunjika. Mkutubi anayejiuliza kama ada ya uanachama ina faida anaweza kupata jibu katika maisha ya Dewey. Chama humpa mwanachama ujuzi ambao asingeupata peke yake, vipimo vinavyomwezesha kufanya kazi popote, na wenzake wa kusimama naye anapoonewa, hata kama anayemwonea ni mwasisi mwenyewe. Wale 82 wa mwaka 1853 walikuwa na nia kama ya wenzao wa Philadelphia. Walichokosa ni chama.