O'Shaughnessy: Tabibu aliyeipima bangi kwa ajili ya wenye maumivu

WILLIAM Brooke O'Shaughnessy alizaliwa mwaka 1809 mjini Limerick, Ireland, akasomea udaktari Edinburgh na kuhitimu mwaka 1829. Kipindupindu kilipoingia Uingereza mwaka 1831, aliichunguza damu ya wagonjwa, akabaini kuwa imepungukiwa maji na chumvi, akapendekeza virudishwe mwilini.

Mwaka 1833 alikwenda India kuitumikia Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India. Baadaye alikuwa profesa wa kemia katika Chuo cha Utabibu cha Calcutta. Huko aliwakuta waganga wakiitumia bangi kama dawa tangu enzi za mababu zao. Hakuidharau elimu hiyo, wala hakuipokea bila kuipima. Aliwauliza wajuzi wa nchi, akaijaribu kwa wanyama, ndipo akawapa wagonjwa wa baridi yabisi, pepopunda na kichaa cha mbwa.

Taarifa yake ya mwaka 1839 ilieleza kwamba maumivu na mikazo ya misuli ilipungua. Mgonjwa wa kichaa cha mbwa alifariki dunia, lakini mateso yake yalipungua, akaweza tena kumeza. Tabibu huyo hakudai kuwa amepata tiba ya maradhi yale; alitenganisha kuponya na kutuliza. Alionya pia juu ya kuchanganyikiwa kwa wanaozidisha bangi.

Aliporudi Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1840, alichukua bangi ya India, na mfamasia Peter Squire wa London akatengeneza dawa kutokana nayo. O'Shaughnessy mwenyewe aligeukia kazi ya kuitandaza simu ya maandishi nchini India, akatunukiwa cheo cha Sir mwaka 1856. Alifariki Januari 1889.

Dawa yake ilififia baadaye. Nguvu yake ilitofautiana chupa kwa chupa, na haikuyeyuka majini ili idungwe kwa sindano kama mofini. Sheria nazo zilikaza. Mwaka 1964 ndipo wanasayansi wa Israel, Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni, walipoitenga na kuieleza kemikali inayolevya katika bangi, THC.

Tangu hapo iliwezekana kupima kipimo kwa uhakika. Hata hivyo, wataalamu wangali wakijadili ni wagonjwa gani wa maumivu sugu wanaofaidika na kwa madhara gani, swali ambalo O'Shaughnessy alilianza Calcutta.