Bombardier: Fundi aliyefundisha injini kupita juu ya theluji

MWAKA wa 1934, katika kijiji cha Valcourt mkoani Quebec, Canada, mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka miwili aliugua kidole-tumbo wakati theluji ilikuwa imefunga barabara zote.

Hospitali ilikuwa mjini Sherbrooke, umbali wa kilomita 50 hivi, na hapakuwa na gari ambalo lingeweza kupita. Mtoto huyo, aliyeitwa Yvon, akaaga dunia.

Babake, Joseph-Armand Bombardier, alikuwa fundi wa magari mwenye gereji yake kijijini humo. Uchungu wake ulizidishwa na jambo moja: kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa akitafuta namna ya kuunda chombo ambacho kingewafikisha watu hospitalini wakati wa baridi kali.

Bombardier alizaliwa Valcourt mnamo Aprili 16, 1907, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto wanane. Tangu utotoni alipenda kufungua na kufunga mitambo.

Mwishoni mwa 1922, akiwa na umri wa miaka 15, alichukua injini ya gari aina ya Ford Model T na kuifunga juu ya chombo cha mbao cha kuteleza thelujini. Nyuma alitia rafadha ya mbao mfano wa ile ya ndege. Yeye na nduguye Léopold wakakiendesha chombo hicho kijijini.

Wanakijiji walistaajabu, lakini mzee wao hakufurahia hata kidogo. Rafadha ile ilizunguka kwa kasi bila kinga yoyote na ingeweza kumkata mtu. Akaamuru chombo hicho kivunjwe mara moja.

Hilo ndilo lililokuwa funzo la kwanza kwa kijana huyo, kwamba nguvu za injini peke yake hazitoshi. Ni lazima nguvu hizo zilingane na chombo kinachozibeba, na ziwe salama kwa anayekiendesha na anayekipisha.

Wazazi wake walimpeleka katika seminari mjini Sherbrooke, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mitambo. Alipofika umri wa miaka 17 alimshawishi babake amruhusu kujifunza ufundi. Alifanya kazi katika gereji na kusoma masomo ya jioni jijini Montreal, kisha mnamo 1926 akafungua gereji yake mwenyewe Valcourt.

Wakati wa kiangazi alitengeneza magari ya wateja. Wakati wa baridi, kazi zilipopungua, alifanya majaribio yake. Tatizo kuu lilikuwa uzito, kwani injini za wakati huo zilikuwa nzito mno kwa chombo kidogo. Kila alipoongeza nguvu aliongeza uzito, na chombo kikazama thelujini.

Kwa sababu hiyo aliahirisha ndoto ya chombo kidogo na kugeukia magari makubwa ya abiria. Mnamo 1935, mwaka mmoja baada ya kifo cha Yvon, alipata ufumbuzi: gurudumu lenye meno, lililofunikwa kwa mpira, ambalo lilizungusha ukanda mpana uliosambaza uzito wa gari juu ya theluji.

Alipewa hataza ya uvumbuzi huo mnamo Juni 1937. Gari lake la kwanza la kuuzwa, B7, lilibeba watu saba. Baadaye likaja B12 lililobeba watu 12. Madaktari, makasisi na wasambazaji wa barua waliyakimbilia magari hayo, na mengine yakatumika kubebea wagonjwa na wanafunzi.

Mnamo 1942 alisajili kampuni yake, L'Auto-Neige Bombardier. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitengeneza magari ya kijeshi ya thelujini.

Hata hivyo, neema haikudumu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya Quebec ilianza kuondoa theluji katika barabara za mashambani, na wateja wengi wakarejea kwenye magari ya kawaida. Mauzo yakaporomoka.

Bombardier hakukata tamaa. Aliunda matrekta ya kupita kwenye matope na vinamasi, likiwemo Muskeg la mwaka wa 1953, lililotumika katika misitu na machimbo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, injini ndogo na nyepesi zilianza kupatikana. Pia, ukanda wa mpira usio na kiungo, uliotokana na kazi ya mwanawe Germain, ulikuwa tayari. Ndoto iliyosubiri tangu 1922 ikawezekana.

Mnamo 1959 chombo hicho kidogo kiliingia sokoni kwa jina Ski-Doo. Jina lililokusudiwa lilikuwa Ski-Dog, kwa kuwa kilitarajiwa kuchukua nafasi ya mbwa wanaovuta mizigo thelujini. Injini yake ya kwanza ilikuwa na nguvu za farasi saba tu, na katika msimu wa kwanza viliuzwa 225.

Wawindaji na wamisionari wa kaskazini walikipokea kwa furaha. Haikuchukua muda kabla ya vijana kukigeuza kuwa chombo cha michezo na mashindano.

Bombardier hakuishi kuona jinsi mchezo huo ulivyotanda. Alifariki kwa ugonjwa wa saratani mnamo Februari 18, 1964, akiwa na umri wa miaka 56, na kuacha hataza zaidi ya 40.

Baada yake, washindani walitaka nguvu zaidi na zaidi. Wengi walifunga tabo kwenye injini kama ilivyotoka kiwandani. Tabo ni mtambo unaozungushwa na moshi wa injini, na kazi yake ni kushindilia hewa zaidi ndani ya silinda ili mafuta mengi zaidi yaungue.

Lakini injini ambayo haikuundwa kwa shinikizo hilo ina kikomo. Kikivukwa, joto hupanda, sehemu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta hulipuka yenyewe badala ya kuungua kwa utaratibu, na pistoni hutoboka au kuyeyuka. Mashindano huishia hapo.

Hakuna kipimo kimoja cha shinikizo kinachofaa injini zote. Kikomo hutegemea ubora wa petroli, jinsi silinda inavyobana hewa, ubaridi wa hewa inayoingia na wingi wa mafuta yanayoongezwa. Fundi mwangalifu huongeza shinikizo kidogo kidogo huku akipima joto, naye hurudi nyuma mara tu asikiapo injini ikigonga.

Kiwanda cha Ski-Doo chenyewe kilisubiri hadi 2020 kutangaza injini ya mipigo miwili iliyotiwa tabo kiwandani. Tabo hiyo ilikusudiwa hasa kurejesha nguvu zinazopotea milimani, ambako hewa ni nyepesi.

Kampuni aliyoiacha Bombardier iliendelea kukua, ikaingia katika treni na ndege. Hata Wakenya wamewahi kusafiri kwa ndege zake za Dash 8. Sehemu ya vyombo vya thelujini ilitenganishwa na kampuni mama mnamo 2003.

Kijijini Valcourt kuna jumba la makumbusho lenye jina lake, na tangu miaka ya 1980 mashindano makubwa ya vyombo vya thelujini yamekuwa yakiandaliwa huko. Ni mahali pale pale ambapo mzee mmoja, kwa kuhofia usalama, aliamuru chombo cha kwanza cha mwanawe kivunjwe.